Ukimwondoa mama lishe Posta, umemkata nani mshahara?

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini, Jumanne. Wali ulikuwa umeshapaliwa, makaa yako juu ya mfuniko, gari la wazi la jiji likaingia kwenye uchochoro wetu nyuma ya Barabara ya Samora, eneo la Posta, katikati ya Dar es Salaam. Vijana wakashuka, wakamwaga makaa, wakabeba masufuria mawili na ubwabwa wake ndani, wakapakia na mabenchi. Mama lishe wetu, anayetupikia na kutuuzia chakula cha mchana hapo nje, alibaki na ndoo ya kachumbari na daftari la madeni. Sisi wateja tuliposhuka saa saba kutoka maofisini tulikuta majivu. Siku hiyo nilikula maandazi mawili na maji ya chupa, nikaingia kikaoni saa nane tumbo likinguruma mbele za watu.

Kila operesheni ya namna hii ya kuondoa wapishi wa mitaani ikipita, mjadala unaanza pale pale ulipoishia mwaka uliotangulia. Wengine wanasema jiji haliwezi kuwa jiko la wazi, lazima watu wapangwe. Wengine wanajibu kwamba akina mama hawa wanasomesha watoto kwa mwiko na sufuria, waachwe watafute riziki. Ukisikiliza utadhani ugomvi ni wa watu wawili tu, mwenye mji na mwenye jiko. Hakuna anayemtaja yule ambaye bila yeye jiko lisingewashwa kabisa, yaani mlaji.

Nianze na wanaotaka waondoke, maana mara nyingi wanasingiziwa roho mbaya. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, wauza vyakula vya barabarani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzuiwa, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe, pale ninapokula, kuna kitu nakwepa kukitazama. Ni ndoo ya kusuuzia. Sahani zaidi ya arobaini zinapita kwenye ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu, na ikifika saa saba na nusu yale maji matupu yana rangi ya mchuzi. Yakishachafuka yanamwagwa mtaroni pamoja na mabaki ya wali. Masika ikija na mtaro ukiziba, tunaovua viatu na kukunja suruali ni sisi sisi.

Halafu kuna mwenye mgahawa. Ninaye jamaa yangu Kisutu anayeuza chakula kwenye fremu, na kila tukikutana ananisomea orodha yake: kodi ya pango, leseni, kodi ya mapato ya TRA, mashine ya risiti, zimamoto, kupima afya wafanyakazi. Vyote hivyo vimo ndani ya bei ya sahani yake. "Wewe unakula kwa mama kwa buku tatu halafu unaniuliza kwa nini mimi nauza elfu nane," aliniambia, "niondolee kodi na mimi nipike chini ya mti uone." Sikuwa na jibu la haraka. Na kero yake si kwamba tarishi anakula kwa mama. Kinachomuuma ni kuona mahasibu wenye tai, ambao elfu nane wanayo, nao wamo kwenye foleni ile ile. Mimi nikiwemo.

Hayo ni ya kweli. Ila sasa tupige hesabu ambayo sijaisikia kwenye kikao chochote cha usafi wa jiji.

Mei Mosi 2025, Rais Samia alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, watu walishangilia, na walikuwa na haki. Nyongeza ya 130,000 kwa mwezi si mchezo. Haya, mfanyakazi wa kima hicho anayefanya kazi mjini anakula mchana mara 22 kwa mwezi. Kwa mama lishe wangu, kwa buku tatu, yaani 3,000, atatumia 66,000. Kwa jamaa yangu wa Kisutu, kwa 8,000, atatumia 176,000. Toa moja kwenye nyingine unapata 110,000. Maana yake siku mama lishe akiondolewa na huyu mtumishi akalazimika kuingia mgahawani kila siku, nyongeza yote ile ya Mei Mosi inabaki 20,000. Na hapo sijagusa makato ya pensheni wala ya bima.

Niliporudia hesabu hiyo mara ya tatu ndipo nilipoelewa tunachokifanya. Tunadhani tunamhamisha mfanyabiashara, kumbe tunapunguza mshahara wa watu ambao hata majina yao hayamo kwenye operesheni. Mishahara ya katikati ya mji inatosha, kama inatosha, kwa sababu kuna mtu anayepika nje bila kulipa pango. Yeye ndiye kantini ya maofisi haya. Zamani mashirika ya umma mengi yalikuwa na kantini zake, mfanyakazi anakula kwa bei ya chini na gharama nyingine inabebwa na shirika. Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa au kufungwa na kantini nyingi zikaenda nayo. Waajiri waliokuja baadaye hawakuona haja ya kuzirudisha, maana hapo nje palikuwa tayari na mama mwenye masufuria. Kwa hiyo anayenufaika na jiko la uchochoroni ni pamoja na kampuni yenye lifti na kiyoyozi ghorofa ya kumi na mbili, ambayo haijawahi kumlipia hata ndoo ya maji.

Na hiyo ni hesabu ya mwenye mshahara wa serikali. Mlinzi wa jengo letu, dada wa usafi na vijana wa mikokoteni wanaopitisha mizigo kwenda Kariakoo hawaifikii buku tatu kila siku. Mlinzi akifika hasemi "naomba wali nyama". Anasema, "Mama, nipimie ya buku jero," yaani shilingi 1,500. Mama anachukua bakuli lake la plastiki la bluu analopimia wali, analijaza, analipindua kwenye sahani, anamwagia maharage na kumtupia mchicha pembeni, na kama sufuria limefika chini anamkwangulia na ukoko, maana anajua anaupenda. Nyama haipo, lakini mtu ameshiba na atasimama getini mpaka jioni. Mgahawa hauna sahani ya buku jero. Bei yake imeandikwa ukutani, ukiwa huna unatoka.

Kuna na daftari. Kuanzia tarehe 18 hivi ya kila mwezi, ukilitazama utadhani ni daftari la mahudhurio ya ofisi yetu. Watu wanakula, wanaandikwa, wanalipa mshahara ukitoka. Mama hatozi riba, hataki barua ya mwajiri, na akiona umepita mbali siku mbili anakutumia salamu kwa mlinzi. Sijui ni mgahawa gani wa mjini utakaomwandika mhudumu wa ofisi sahani sita kwa jina moja tu la utani.

Wapo wanaosema dawa ni kubeba chakula kutoka nyumbani. Anayesema hivyo ana gari na friji ofisini. Mtu wa Chanika au Mbagala anatoka kwake saa kumi na moja alfajiri. Ili abebe hotpoti, kuna mtu nyumbani, na tunajua ni nani, aamke saa tisa kupika. Kisha hotpoti ipande daladala ikiwa imebanwa kwapani, ishinde chini ya meza kwenye joto la Dar mpaka saa saba. Wali uliopikwa saa tisa usiku na kushinda ukiwa vuguvugu unaweza kumlaza mtu kuliko ule uliotoka motoni sasa hivi. Kwenye hoja ya afya watu wanasahau hilo. Wadudu wa kipindupindu hawavumilii chakula kinachochemka, wanapita kwenye maji, mikono na vyombo. Basi tatizo halipo kwenye sufuria, lipo kwenye ile ndoo ya kusuuzia, na ndoo inatibiwa kwa bomba.

Sasa, kuhusu kuwapanga. Neno lenyewe silikatai. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa 20,000, na kwa muda mama lishe walipumua.  Lakini kitambulisho hakikuja na bomba wala mtaro, kwa hiyo ndoo ikabaki vile vile. Oktoba 2021, chini ya mkuu wa mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, machinga, yaani wachuuzi wadogo wa mitaani, na mama lishe waliondolewa kwenye hifadhi za barabara na njia za waenda kwa miguu wapelekwe maeneo yaliyotengwa. Barabara zilipumua, hilo nililiona kwa macho, na anayesukuma kiti cha magurudumu alipata pa kupita. Kwa anayeuza fulana, kuhamishwa kilomita mbili kuna maumivu lakini fulana itasubiri mteja mpaka Jumamosi. Ubwabwa hausubiri. Biashara ya mama lishe ina saa mbili na nusu kwa siku, na mteja wake ana saa moja ya mapumziko. Mwambie mtu wa Samora atembee mpaka Feri kwenye jua la Desemba, asimame foleni, ale na arudi. Atarudi kachelewa, shati limelowa, na kesho hatakwenda. Dar es Salaam ilishapata somo hilo kwa gharama kubwa pale Ilala, kwenye Machinga Complex, jengo la ghorofa lililojengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kukamilika mwaka 2010. Vizimba vingi vilibaki vitupu miaka na miaka, kwa sababu mnunuzi hakuwa na safari ya kupanda kule.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba halmashauri zetu kwa sheria zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Mama lishe ni miongoni mwa walengwa wanaotajwa kwenye kila hotuba ya mikopo hiyo. Anaweza kukopeshwa anunue masufuria, na masufuria hayo hayo yakapakiwa kwenye gari la operesheni. Marejesho ya mkopo hayasubiri.

Upande wa mkaa nao nakubali hauna utetezi mrefu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo mwishoni mwa kipindi hicho, na mama lishe ndiye wa kufikiwa mapema, maana gunia la mkaa yeye analimaliza haraka. Nilimuuliza wa kwetu. Mboga anapikia gesi siku hizi. Wali ameugomea: "Gesi utaipalia vipi juu?" Na mtungi, akasema, ukibebwa na vijana wa gari unaumia kuliko jiko la bati.

Singapore wanatajwa sana kwenye mjadala huu, kwa kawaida na watu wanaopenda ule usafi tu. Kati ya 1971 na 1986 waliwaondoa kweli wachuuzi wa chakula barabarani. Ila waliwajengea kwanza vituo vyenye maji, umeme na mitaro ya maji taka, kwa pango la ruzuku, karibu na watu wanaokula. Leo mfanyakazi wa kawaida bado anakula humo, na mwaka 2020 UNESCO ikauweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Sisi mara nyingi tunaanza na kuondoa.

Msimamo wangu basi hauhitaji bilioni. Waondolewe kwenye njia za waenda kwa miguu, sawa. Wapimwe afya, sawa. Walipe ushuru wa siku, ili jamaa wa Kisutu naye aone haki, nao wenyewe hawaukatai. Mama wa kwetu aliniambia atatoa hata buku kwa siku akipewa maji yanayotiririka na pa kumwagia machafu. Lakini wasihamishwe nje ya mwendo wa dakika tano kutoka kwa walaji wao, na wapewe saa zao, tano hadi tisa, kisha pafagiliwe. Na waajiri wa maghorofa haya wachangie hilo bomba, kwa sababu kantini yao ndiyo hiyo.

Nafasi ipo. Pembeni ya uchochoro wetu kuna maegesho. Wiki iliyopita nilishuka siku tano mfululizo kuyatazama. Magari manne, yale yale, yanaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, hayasogei hata hatua. Pale yalipolala panatosha masufuria ya akina mama watano na mabenchi yao. Kwa sasa wa kwetu anapikia upande wa pili, kwenye korido ya jengo bovu lisilo na dirisha, na kila siku kwenye saa sita na nusu ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Mama yuko kwa nyuma. Leo kisamvu. Msije kwa makundi."