Gari Lina Mwanamke

Leo asubuhi nimebadilisha betri ya gari. Betri tu, si injini. Kuwasha, redio imejifunga: ati niandike nambari ya siri. Nambari anayo mwenyewe wa kwanza, naye yuko Japani huko, kama yu hai.

Si kwamba redio yenyewe ilinifaa. FM ya redio hizi za kwao za zamani inaanzia 76 na kuishia 90, yetu inaanzia 88, kwa hiyo mimi nina vipande viwili vya kusikiliza kisha kelele. Kile kioo kikubwa cha dashibodi nacho kilikuwa kinadai kadi ya ramani. Kadi ilishuka baina ya meli na yadi, mnajua wenyewe. Na hata ingekuwepo, ramani ni ya Japani. Vasco da Gama mwaka 1498 alitia nanga hapa hapa Malindi, akapata rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Gari langu liko Malindi na halijui Gede iko wapi!

Kinachofanya kazi ni yule bibi tu. Kila ukiwasha, anasema neno lake la Kijapani, sauti laini kama anakukaribisha kahawa. Mwezi mzima namjibu ahsante. Kumbe anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Barabara gani, mama?

Sasa Ijumaa iliyopita nampeleka mama mkwe arusini Mambrui. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, mimi mkwe wa kupigiwa mfano. Nikawasha. Bibi akasema lake.

"Waalaikumu salaam," akajibu mama mkwe. Kisha akageuka kutazama nyuma. "Mwanangu, nani huyo?"

"Ni gari, mama."

"La kike?"

Nikaona nimwoneshe maendeleo. Nina kile kioo kidogo cha Mchina, cha kubandika, kinachoonyesha yaliyomo kwenye simu: ramani, muziki, simu zinazoingia. Nikakiunga. Tulipovuka daraja la Sabaki, kikaanza kwa Kizungu, pinda kulia, na Mambrui kikaitaja kama dawa ya minyoo.

"Na huyu?"

"Huyu wa simu, mama."

"Kwa hiyo wako wawili."

Kabla sijajibu, gari zima likalia, kisha sauti ikajaa mle ndani: "Mko wapi nyinyi?"

Mama mkwe akashika buibui lake. "Na wa tatu nani?"

"Huyo ni mwanao!"

Akanyamaza mpaka Mambrui. Jua likayeyusha gundi, kioo kikamwangukia mapajani. Hakukigusa, alikitazama tu kama kaa aliyeingia chumbani.

Halafu nasikia General Motors, wale watengeneza magari wa Marekani, mwaka 2023 walitangaza kwamba magari yao mapya ya umeme hayatapokea CarPlay wala Android Auto, yaani ile njia ya kuonyesha ya simu kwenye kioo cha gari. Mtu atumie programu ya gari lenyewe. Ya gari lenyewe! Programu inazeeka, gari linauzwa, linavuka bahari, na huku mwisho wa safari ni mimi nabonyeza maandishi nisiyoyajua kwa kidole chenye mafuta ya bajia. Simu nikiichoka naibadilisha. Dashibodi niibadilishe na nani?

Fundi anasema redio ing'olewe. Ing'oe, nitatia kashata mle. Bibi wa Kijapani ana kifaa chake peke yake, hakikuguswa. Leo nimewasha akanisalimu kama kawaida.

Mkate nimeufuata kwa tuktuk. Redio yake inafika 108, spika iko chini ya kiti, na taarabu unaisikia kwa makalio.