Vibarua Wakimiliki Shamba Pamoja: Hofu ya Zamani Isiwazuie

Likitajwa wazo la kuwasaidia vibarua wa mashamba makubwa kununua ardhi kwa ushirika, wakishikwa mkono kwa miaka kadhaa na mbia, yaani kampuni yenye uzoefu, wengi hapa Nairobi hujibu kwamba tulishajaribu tukalia. Wanakumbuka kampuni za kununua ardhi zilizochipuka baada ya uhuru, hasa Nakuru. Wana hoja. Watu walichanga, wakapewa vyeti vya hisa, wakasubiri hatimiliki hadi wengine wakafa. Kuna wakurugenzi waliojimegea sehemu nono.

Lakini tuangalie kilichoharibika. Daftari la wanachama lilikuwa mikononi mwa wachache, uchaguzi ukakwepwa, na mwaka 1986 Rais Moi akaagiza kampuni hizo zigawe ardhi na kuvunjwa. Mashamba yaliyoendeshwa kama kitu kimoja yakakatwa vipande. Kumiliki pamoja kunabebeshwa lawama isiyo yake.

Mchuma kahawa wa Ruiru anaijua kahawa iliyoiva hata kwa kuigusa, na kutu ya majani huiona kabla meneja hajashuka kwenye gari. Hulipwa kwa debe, karani akiandika katika daftari ambalo mchumaji halishiki. Bei ya gunia la kilo 50 kwenye mnada wa Nairobi haambiwi, ankara ya mbolea haioni, na barua za benki hazipitii kwake. Ukimpa ekari mbili akalime peke yake, umemtwika biashara aliyofichwa maisha yake yote. Mbia anahitajika kwa hilo tu. Kulima hana la kumfundisha.

Tena shamba lililokomaa linazaa tayari. Mche mpya wa kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno, na mkopo hausubiri. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, uliwapa takriban familia 35,000 vipande vya mashamba ya walowezi kwa mkopo, na wengi wakachelewa kulipa. Wanaonunua shamba zima bila kuligawa wana mapato tangu msimu wa kwanza.

Enzi ya mkoloni ilisemwa chai ni zao la mashamba makubwa. Leo zaidi ya wakulima wadogo 600,000 wanapeleka majani kwenye viwanda wanavyovimiliki kwa hisa, chini ya usimamizi wa KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo. Laki sita! Wengi wao hata ekari moja ya chai hawana, na chai yao inauzwa duniani kote. Ni kweli hawa walikuwa na ardhi tangu mwanzo. Ni kweli pia kwamba kila mwaka bonasi huzua manung'uniko, hasa magharibi ya Bonde la Ufa, na wakulima wamelalamika kwamba msimamizi amekuwa na nguvu kuliko wenye mali. Kwa hiyo tarehe ya mbia kuondoka iandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, na vibarua waliochaguliwa na wenzao wakae naye kwenye hesabu kila mwezi.

Kiambu, jirani na Nairobi, sina matumaini makubwa, kwa kuwa ekari huko inauzwa kwa bei ya ploti za nyumba na hakuna kahawa itakayolipa deni hilo. Mipango hii ianzie mbali na jiji, ardhi inapouzwa kwa bei ya kilimo, na kipande chochote kisiuzwe bila kura ya mkutano mkuu.