Dokezo Sabili Kuhusu Dampo

Ofisini kwetu, hapa Dar es Salaam, kuna agizo kwamba kila dokezo sabili liandikwe kwa Kiswahili sanifu. Mimi ni fundi wa seva, na agizo hilo halijawahi kunikera isipokuwa wiki ile nilipotakiwa kumweleza Afisa Utawala kwamba kerneli mpya ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha seva, imetuharibia dampo.

Kerneli ikipata kihoro cha kushindwa kuendelea, haifi bila wosia. Pembeni mwa kumbukumbu ya mashine huwa kuna sehemu iliyotengwa tangu mashine inapowashwa, kwetu megabaiti 256, na humo hulazwa kerneli ya pili ambayo haina kazi nyingine duniani ila kungoja mwenzake afe, kama mwosha maiti aliyewahi barazani kabla mgonjwa hajakata roho. Mkubwa akianguka, mdogo huamka, hunakili kumbukumbu ya marehemu, huiweka kwenye diski katika saraka ya /var/crash, kisha huiwasha mashine upya. Nakala hiyo ndiyo mafundi tunayoiita dampo, na asipokuwa nayo, fundi hubaki akiitazama skrini nyeusi. Sasa, tangu tulipopandisha toleo, mdogo alikuwa akiamka vizuri, akifika kwenye kidhibiti cha diski anaganda hapo hapo mpaka mtu aende kuchomoa waya.

Kati ya toleo la zamani na hilo bovu kulikuwa na mabadiliko zaidi ya 13,000. Dawa yake inajulikana, nayo ni git bisect: inakata orodha katikati, unaijenga kerneli ya hapo, unaijaribu, unatamka kama ni nzima au mbovu, inakata tena, na baada ya majaribio 14 hivi anabaki mshtakiwa mmoja. Ila huwezi kulijaribu dampo bila kuiua mashine kwa makusudi, kwa kuandika herufi moja tu, c, kwenye faili la /proc/sysrq-trigger. Nikaomba kibali:

“YAH: DAMPO KUTOPOKEA MZIGO. Tangu Jumatatu dampo letu halipokei chochote. Naomba kibali cha kuua mara 14 kwa muda wa siku mbili ili kumbaini mhusika.”

Nililisoma mara mbili nikaridhika na sarufi yake.

Kibali kilirudi jioni ile ile, jambo ambalo peke yake lilitosha kunishtua. Kwa wino mwekundu, Afisa Utawala alikuwa ameandika: “Panya wauawe, ila kwa sumu, si kwa marungu. Kuhusu dampo nitafika mwenyewe.” Nikadhani ni utani wa wakubwa, nikaendelea na kazi.

Jaribio la kwanza likawa bovu, la pili bovu. La tatu likawa zima, na dampo likashuka kwenye diski kama mvua ya masika. Hapo nikachoka kupekua kwa macho, nikaandika skripti fupi, yaani programu ya mistari michache, ya kuangalia kama faili la dampo lipo. Kuanzia la nne kila kerneli ikawa nzima, 11 mfululizo, nami nikawa najenga, naua, nawasha, huku nikiimba. Kesho yake alasiri mshtakiwa akapatikana: mtu fulani alikuwa amesahihisha tahajia ya neno moja katika maelezo ya kiendeshi, yaani programu inayoongoza kifaa, cha kadi ya sauti.

Seva yetu haina kadi ya sauti. Isitoshe, maelezo hayo huandikwa kwa ajili ya binadamu, na kompyuta huyaruka yote. Mwenye akili timamu angesimama hapo, lakini mimi nilikaa saa nzima na nusu nikitunga nadharia ya jinsi herufi moja ambayo haisomwi inavyoweza kugandisha diski, na nilikuwa nimekwisha kuchora mishale ubaoni mlango ulipofunguliwa. Aliingia Afisa Utawala, nyuma yake vijana wawili wenye makoleo, na nje gari la taka lilikuwa likinguruma kwa sababu dereva alitaka kuwahi Pugu Kinyamwezi kabla ya foleni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Dampo liko wapi?”

Nikaonyesha skrini. Alivaa miwani, akaitazama, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti. Nikamweleza yote, kuanzia mwosha maiti hadi kadi ya sauti, naye akasikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyelea watoto waongo.

“Kwa hiyo mnatupa humo?”

“Ndimo humo, mama.”

“Na mnazoa lini?”

“Hatuzoi, mama.”

“Basi mwanangu, la juzi likiwa bado limo, la leo utalijuaje?”

Kijana mmoja akakohoa ili asicheke. Nikafungua saraka. Mlikuwa na folda moja tu, na jina lake lilikuwa tarehe na saa, kwa tarakimu zinazosomeka vizuri kabisa: jana yake, saa ya jaribio la tatu. Skripti yangu ilikuwa imelipongeza dampo hilo hilo mara 11.

Nilirudi jaribio la nne nikaua mara 11 nyingine, nikizoa kila mara. Mhusika halisi alikuwa kwenye kiendeshi cha kidhibiti cha diski: mtu alipokuwa akipangilia msimbo upate kupendeza, aliondoa kipande kinacholazimisha kidhibiti kuanza upya pale kerneli ya pili inapoamka, hivyo kidhibiti kikawa kinaendelea kutekeleza amri za marehemu na kumpuuza mrithi. Nilikirudisha kipande, dampo likapokea.

Mafuta ya gari la taka yalikatwa kwenye fungu la idara yangu. Skripti yangu siku hizi huanza kwa mstari unaofuta kila kilichomo kwenye saraka, na juu yake nimeandika maelezo, kwa tahajia niliyoihakiki mara tatu: “Kwa agizo la Utawala.”