Hata kwarara wa Misri walichakachuliwa

Watu wakianza stori za ndege watakatifu wa Misri ya kale utasikia Horus, Horus, yule mungu kipanga, jicho lake mpaka kwenye tatuu. Sikatai, ile sanamu ya farao Khafre ambayo kipanga katua nyuma ya kichwa chake kamkumbatia kwa mabawa ni kazi ya maana, maana ukimtazama mfalme kwa mbele ndege humuoni kabisa hadi uzunguke ubavuni. Ila mimi wangu ni kwarara.

Yule mweupe, kichwa cheusi, mdomo umepinda kama mundu. Huku kwetu tunapishana naye jalalani wala hatugeuki, anachomeka mdomo kwenye tope, anautoa, anachomeka tena. Wamisri walimwangalia huyohuyo wakaona Thoth, mungu wa mwezi, hesabu na maandishi. Kwenye michoro ya hukumu ya wafu moyo wa marehemu unawekwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, na anayesimama na kalamu kuandika matokeo ni jamaa mwenye kichwa cha kwarara. Karani bana! Nchi iliyoendeshwa na makarani wa kuhesabu nafaka na ushuru, ungetegemea nini.

Sasa utamu uko Saqqara, makaburi ya kale karibu na Cairo. Kule chini ya ardhi kuna kwarara zaidi ya milioni, wamekaushwa wakazungushiwa kitani wakatiwa kwenye vyungu. Mtu ana shida yake, anakuja kuhiji, anamtolea Thoth ndege. Biashara ikakua, na biashara ikishakua si unajua tena, wataalamu wakivipiga eksirei vile vifurushi wanakuta vingine vina manyoya tu, au kipande cha mfupa, au vijiti na udongo. Wapo wanaosema unyoya mmoja ulihesabika ndege mzima kwahiyo hakuna aliyeibiwa. Labda. Lakini karne ya 2 KK alikuwepo mtumishi wa hapohapo anaitwa Hor, vigae alivyoandikia vipo mpaka leo, anataja chakula cha kwarara 60,000 na anashupalia kanuni ya mungu mmoja (yaani ndege mmoja) chungu kimoja, sasa kama hakukuwa na uchakachuaji alikuwa anashupalia nini?

Porini Misri kwarara hao walishatoweka tangu karne ya 19. Wa huku wapo, jana mmoja alikuwa anagombania utumbo wa samaki na kunguru, na kunguru alishinda.