Kabla ya Kununua Breki za Diski, Chungulia Foki

Siku hizi kila mwenye baiskeli anataka diski, breki zinazobana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Breki za raba, zile zinazobana rimu, zinatazamwa kama simu ya vitufe. Sibishi: mimi mwenyewe natumia diski na sababu yangu ni mvua. Rimu ikilowa, raba hufuta maji kwanza ndipo zishike, na kwenye mteremko huo muda wa kufuta unauhisi tumboni. Diski iko mbali na madimbwi, hushika mapema. Hata hivyo, wengi wanaoniuliza namna ya kuzifunga nawajibu: usizifunge.

Tatizo liko kwenye fremu na foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Chungulia mguu wa kushoto wa foki, karibu na ekseli. Kuna masikio mawili yenye matundu ya boliti? Kisha tazama habu, yaani kitovu cha gurudumu: ina matundu sita ya kufungia diski, au meno ya kuichomeka na kuikaza kwa nati moja kubwa? Kama hakuna, unachohitaji ni foki nyingine na magurudumu mengine, breki zenyewe zinakuja mwisho. Piga hesabu hiyo kabla hujalipia chochote.

"Si fundi atachomelea tu?" Nilisema hivyohivyo. Nikachomelewa kipande cha chuma kwenye foki ya zamani, kikapakwa rangi, kikapendeza. Nilichosahau ni kwamba rimu nayo ni diski, ila kubwa: rimu nyingi za watu wazima zina kipenyo cha milimita 622, na diski niliyofunga ilikuwa ya 160, yaani karibu robo yake. Ili gurudumu lisimame vilevile, kalipa, yaani kile kifaa kinachobana diski, inabidi ishike kwa nguvu kama mara nne, na mzigo huo wote unaangukia mguu mmoja, chini kabisa, mahali ambapo foki ya breki za raba haikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Wiki ya tatu nilikuwa nafuta matope nikaona mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, chini ya ile weldi. Nikaukwaruza kwa kucha. Ulikuwa ufa.

Basi tuseme masikio unayo. Hapo kazi ni ya jioni moja, na kwa anayeanza ningependekeza diski za waya, zinazovutwa na kebo. Za mafuta, zinazosukumwa na mafuta ndani ya bomba, ni laini mkononi, kweli, lakini zina masharti: kila breki ina aina yake ya mafuta, na ukiweka yasiyo yake mipira ya ndani inaharibika. Tena ukibana breki wakati gurudumu limetolewa, pedi, vile vipande viwili vinavyobana diski, zinakutana katikati na kuzitenganisha ni shughuli.

Panapokula muda ni kuiweka kalipa katikati. Ushauri unaosikika kila mahali ni kulegeza boliti zake mbili, kubana breki, halafu kukaza. Kwa breki za mafuta mara nyingi unafaa. Kwa nyingi za waya unakudanganya, kwa sababu pedi moja tu ndiyo inayosogea. Ile nyingine imetulia, na diski inapindishwa hadi iifikie hiyo iliyotulia. Mimi huweka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa na kutazama kwa jicho moja hadi nione nyuzi mbili za mwanga, moja kila upande wa diski. Ule wa upande wa pedi tuli nauacha mwembamba kabisa. Kisha nakaza boliti kidogo huku, kidogo kule, maana ukikaza moja hadi mwisho kalipa inazunguka nayo na unaanza upya.

Diski usiishike kwa vidole. Mafuta ya mnyororo ya kupuliza ndiyo adui mkubwa zaidi, tone moja likiingia kwenye pedi zitalia kama mlango wa zizi, na mara nyingi dawa yake ni pedi mpya. Na siku ya kwanza usikimbilie mteremko: tafuta barabara tupu, endesha, punguza mwendo hadi karibu usimame bila gurudumu kukwama, rudia kama mara ishirini. Utahisi breki ikizidi kuuma.

Ile foki yenye ufa niliitupa, nikanunua yenye masikio. Nyuma sikugusa. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa hiyo baiskeli yangu hadi leo ina diski mbele na raba nyuma, na wanaoicheka wananicheka tukiwa tumesimama wote kwenye mataa.