Shaba ya Scapa Flow Haina Kazi Sebuleni Kwako

Juzi jamaa tuliyewahi kupiga mbizi pamoja alinionyesha kwenye simu kipande cha shaba, kimesuguliwa mpaka kinameta, kimepangwa kabatini kando ya vikombe. Kimetoka kwenye meli iliyozama Scapa Flow, ghuba ya visiwa vya Orkney, Uskoti. "Chuma chakavu tu kile, ndugu yangu." Nilipandwa na hasira.

Chakavu? Tarehe 21 Juni 1919 Admirali wa Kijerumani Ludwig von Reuter aliamuru meli zake za vita zizamishwe na mabaharia wake wenyewe, Waingereza wasije wakazichukua. Kati ya 74 zilizoshikiliwa pale na Waingereza, 52 zikaenda chini. Wajerumani tisa waliuawa siku ile, na mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imenyamaza tangu Novemba 1918. Nyingi ziliopolewa baadaye; chini zimebaki saba tu.

Shuka kwenye mojawapo, Kronprinz Wilhelm, uone. Hata kiangazi baridi inapenya suti kavu, na midomo inakufa ganzi. Manowari imelala kifudifudi. Unajipenyeza chini ya ubavu wake, giza limetanda, mpaka kurunzi inagota kwenye mzinga wa sentimita 30.5, umeota anemoni, ungali mahali ulipofungwa na mafundi. Kung'oa kitu pale ni kumnyang'anya kila atakayeshuka baada yako.

Tangu 2001 sheria inazilinda: kupiga mbizi ruksa, kuchukua marufuku. Halafu 2019 nne kati yake zikauzwa kwenye eBay, zote pamoja pauni 85,000. Wamiliki wapya nao wanabanwa na sheria ileile, lakini bado imeniuma.

Haya, Ernest Cox, mfanyabiashara Mwingereza wa vyuma chakavu, alipoanza kuziopoa 1924 watu walipata riziki, hilo nalikubali shingo upande. Ila yeye alifanya kazi mchana kweupe. Hata Königsberg, manowari nyingine ya Kijerumani, iliyozamishwa na wenyewe kule Rufiji 1915, ilitolewa mizinga yake. Mmoja uko Fort Jesus, na mtoto yeyote wa Mombasa anaweza kwenda kuuona. Cha kabatini nani atakiona?

Manahodha wa boti za mbizi, ninyi ndio mnaoona nani anapanda na begi zito kuliko aliloshuka nalo. Lifungueni begi hilo. Mkimkuta na kitu, mripotini polisi mkifika bandarini, na msimchukue tena. Royal Oak, manowari ya Waingereza, imo kwenye maji hayohayo, kaburi la watu zaidi ya 800 tangu Oktoba 1939, na wapiga mbizi wa kawaida wanaiacha. Kumbe tunaweza kujizuia tukitaka.