Mganda uliosahaulika

Jumapili iliyopita tulisomewa tena Malaki 3:10. Leteni zaka kamili ghalani, na madirisha ya mbinguni yatafunguka. Tukapanga foleni na bahasha zetu. Sina ugomvi na zaka, mimi mwenyewe natoa. Ila sijawahi kusikia mahubiri yanayoanzia mstari wa 5 wa sura hiyohiyo, pale Mungu anapowageukia wanaomdhulumu kibarua ujira wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Ni mistari mitano tu juu yake! Nami nimewahi kusimama kwenye foleni hiyo, bahasha mkononi, huku dada wa kazi nyumbani kwangu akinidai mshahara wa mwezi na nusu.

Tumezoea kuambiwa "panda mbegu" upate baraka. Lakini fungua Kumbukumbu la Torati 24:19 uone baraka imefungwa kwenye nini. Ukivuna, ukasahau mganda shambani, usirudi kuuchukua. Uache uwe wa mgeni, yatima na mjane, ili Bwana akubariki katika kazi za mikono yako. Nimeusoma mara nyingi na bado unanichekesha. Yaani unabarikiwa kwa kitu ulichokisahau, mradi usikifuate. Hapo huna cha kujivunia, na hata huyo aliyeokota hujui ni nani.

Ruthu, mgeni kutoka Moabu, aliingia shambani kwa Boazi kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Jioni akapura akapata kama efa moja ya shayiri, lita 20 na ushee. Boazi alikuwa amewaagiza vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda wayaache makusudi, wala wasimkemee. Ruthu akarudi kwa mkwewe na chakula alichokitolea jasho mwenyewe. Sisi je? Tunamwita mama mjane mbele ya kanisa, tunamkabidhi kilo tano za unga, sukari na mche wa sabuni, anaambiwa atazame kamera, na kabla hajafika kwake picha iko kwenye grupu la WhatsApp. Tunasema ni ushuhuda. Mimi naona tumemwuzia ule unga, na bei yake ni uso wake. Tena Yesu alishasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume.

Bibi yangu alijua kuandika jina lake tu, basi. Kila msimu aling'oa maharage yake akaacha mistari miwili ya kando ya njia. Tulipokuwa watoto tulitaka kuimalizia, akatuzuia: "Hayo yana wenyewe." Baada ya siku mbili tatu unakuta hayapo, na hakuna aliyeuliza yamekwenda wapi.

Miaka baadaye alianguka akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani. Hapo ndipo zikaanza kuonekana kuni. Mzigo umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, umeegemezwa ukuta wa jikoni, na safari nyingine kuna kichane cha ndizi juu yake. Mama yangu aliamka alfajiri mara mbili ili amwone anayeleta, asimwone. Bibi aliposikia alikasirika, akamwambia aache kuvizia watu.